Mtahini asimwonee huruma mpwa wangu

Ndugu msikilizaji, jioni moja ya wiki iliyopita nilikuwa nimeketi barazani kwa dada yangu, Mtoni kwa Azizi Ali, wilayani Temeke, daftari likiwa gotini na kinasa sauti pembeni. Mbele yangu, juu ya kigoda, aliketi mpwa wangu, kijana wa miaka 29. Ilikuwa saa moja usiku, na kijana amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na suruali ya kitambaa utadhani anakwenda harusini. Mimi ndiye niliyemwamuru avae hivyo. Nilikuwa nimekwisha kumwuliza maswali sita, na la saba lilikuwa hili: "Uko zamu chumba cha injini, meli imo safarini usiku, mara taa zote zinazimika. Utafanya nini?"

Kabla hajafungua mdomo, umeme ukakatika mtaa mzima.

Watoto wa jirani wakapiga kelele kama kawaida yao. Dada yangu akaanza kupapasa kibiriti karibu na karai lake la vitumbua. Na mpwa wangu, pale pale gizani, akaanza kujibu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Alisema kwanza atawaarifu darajani, kule juu anakosimama nahodha, kwamba injini imesimama na usukani huenda usijibu. Atatazama kama jenereta ya dharura imejiwasha, maana sheria za kimataifa zinaitaka iwe imeshika mzigo ndani ya sekunde 45. Atarudisha mkono wa mafuta wa injini kubwa kwenye sifuri. Atakagua jenereta ya akiba, oili yake na mafuta yake, aiwashe, kisha airudishie mitambo umeme mmoja baada ya mwingine: usukani, pampu ya oili, pampu za maji ya kupozea. Asiipakie yote kwa mpigo, jenereta ikazidiwa na kuzima tena. Halafu ndipo atafute kilichoiangusha ile ya kwanza.

Alisema yote hayo kwa Kiswahili, bila kukwama hata mara moja. Umeme uliporudi nikamwambia ayarudie kwa Kiingereza. Alikwama kwenye sentensi ya pili, akajifuta jasho, akaniomba maji.

Sasa, msikilizaji, huenda unajiuliza mtu wa redio na mitambo ya meli wapi na wapi. Nitakueleza. Mpwa wangu anajiandaa na mtihani wa mdomo wa kupata cheti cha ofisa mhandisi wa zamu katika meli. Wenyewe wanauita orali. Ni mara yake ya pili. Ya kwanza alianguka, na namna alivyoanguka ndiyo iliyonifanya nifunge safari kila mara kutoka Mwananyamala ninakokaa hadi Mtoni, daladala mbili, nikijifanya mtahini.

Wengi wetu hapa mjini tunapanda boti za Zanzibar, na wengine kila siku iendayo kwa Mungu tunavuka na pantoni kati ya Kivukoni na Kigamboni. Tunamwona nahodha pale juu na kofia yake. Tunawaona vijana wanaofunga kamba. Walioko chini, kwenye joto na kelele, hatuwaoni, na hatuwakumbuki mpaka mtetemo wa injini ukatike ghafla katikati ya maji na watu wote watazamane.

Kufika kule chini kama ofisa si jambo la kuamka asubuhi. Upo mkataba wa kimataifa wa mwaka 1978 kuhusu mafunzo na vyeti vya mabaharia, uliofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1995, na tena mjini Manila mwaka 2010. Unamtaka kijana awe na miaka isiyopungua 18, awe amesoma, amefanya kazi za karakana, na kama yuko kwenye mpango wa mafunzo ulioidhinishwa, karakana na bahari zikijumlishwa zisipungue miezi 12, na ndani yake miezi sita awe ameshika zamu ya injini chini ya usimamizi. Asiyepitia mpango huo hutakiwa miezi 36. Mpwa wangu alisoma katika Chuo cha Bahari cha Dar es Salaam, kile cha Barabara ya Sokoine, kilichoanza mwaka 1978 kama kituo cha mafunzo na kupewa hadhi ya chuo kwa sheria ya mwaka 1991. Akapanda meli, akajaza kitabu chake cha mafunzo, akafanya mitihani ya kuandika, akafaulu.

Ikabaki orali. Hapo hakuna karatasi ya kujificha nyuma yake. Unaingia chumbani, unaketi mbele ya mtu aliyekaa baharini kuliko wewe, naye anakuuliza atakalo. Ukijibu vizuri anachimba zaidi. Ukijibu vibaya anachimba pale pale. Hakuna majibu manne ya kuchagua moja.

Mpwa wangu alitoka mle chumbani akiwa ameambiwa arudi akajiandae zaidi. Alipofika nyumbani hakula. Mama yake akanipigia simu analia. Nilipofika nilikuta majirani wawili wamekwisha kutoa hukumu: "Huyu hana mtu pale. Bila kujuana hupiti." Na mimi, msikilizaji, nakiri mbele yenu, nikaamini. Nimekaa katika kazi hii ya uandishi miaka mingi, nimesikia ya kujuana na ya kitu kidogo mpaka masikio yamechoka. Usiku ule nikaandika kurasa mbili za makala ya kuja kuyasoma hapa hapa, yenye maneno makali. Kichwa cha habari nilikuwa nacho tayari.

Kitu kimoja tu sikukifanya, kitu ambacho tulifundishwa wiki ya kwanza ya stashahada: sikumwuliza mhusika swali la msingi. Uliulizwa nini, na ulijibu nini?

Nilimwuliza siku ya tatu, tukiwa tumekwenda Tandika kumwona mzee mmoja, fundi mkuu mstaafu, aliyefanya kazi katika meli za nje na za hapa kwetu kabla miguu haijamwambia basi. Nilitaka mzee anipe maneno ya kuitia nguvu makala yangu. Tulimkuta chini ya mwembe anatengeneza pampu ya maji ya jirani. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, akatukaribisha kwenye benchi.

Mpwa wangu akasimulia. Mtahini alimwuliza: injini kubwa inakwenda kasi kamili, king'ora kinalia kuonyesha kuna ukungu wa oili kwenye tumbo la injini, pale inapozunguka krenki. Utachukua hatua gani?

"Ukajibu nini, kijana?" mzee akauliza, macho bado yako kwenye pampu.

"Nikasema nitasimamisha injini, nifungue kifuniko, nitazame beringi ipi imeshika moto."

Mzee akaweka spana chini. Akamtazama kwa muda.

"Umekufa," akasema. "Umekufa wewe, na waliokuwa zamu pamoja nawe wamekufa."

Kisha akatueleza, na mimi niliyekuwa sijui krenki na kreni zinatofautiana vipi nikaelewa. Beringi ikikosa oili hupata moto mkali. Oili inayorukia pale hugeuka mvuke, na mvuke ule ukipoa kidogo ndani ya tumbo la injini unakuwa ukungu mweupe. Ukungu ule ni baruti. Ukifungua kifuniko injini ingali ya moto, unauingizia hewa safi iliyokuwa imepungua, na ile sehemu ya moto ipo pale pale inangoja. Jibu sahihi ni kuwaarifu darajani, kupunguza kasi, kusimamisha injini mara inapowezekana, kuwaondoa watu wote karibu na vifuniko vile, kuiacha pampu ya oili iendelee kupoza, na kungoja. Angalau dakika 20 bila kugusa kifuniko, na ikiwezekana zaidi. Mtu mwenye haraka hafai chumba cha injini, alisema mzee.

Akatutajia meli ya abiria ya Uingereza, Reina del Pacifico. Mwezi Septemba 1947, ikiwa kwenye majaribio karibu na Belfast baada ya matengenezo, injini zake zililipuka kwa sababu ya aina hiyo hiyo, na watu 28 wakafa. Mkasa ule ulichangia kuzifanya injini kubwa za baadaye zifungwe valvu maalumu za kupumulia mlipuko. "Swali uliloulizwa," mzee akamwambia mpwa wangu, "limeandikwa kwa damu ya watu 28. Unataka mtahini alipite?"

Kijana akainamisha kichwa. Akasema polepole, "Lakini mzee, mimi hayo nayajua. Nimeyasoma. Sijui ni nini kilinitoka pale."

Naamini alikuwa anasema kweli. Hata mimi siku ya kwanza kuketi mbele ya maikrofoni ilinitoka saa, nikawaambia wasikilizaji ni saa tatu asubuhi ilhali ilikuwa saa tatu usiku. Ila kosa langu halikumuua mtu. Nilirudi nyumbani Mwananyamala, nikazichana zile kurasa mbili.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba upendeleo nchini umekwisha. Nimeusema sana na nitaendelea kuusema nikiuona. Ninachosema ni kwamba safari hii nilikuwa tayari kumchafua mtu aliyefanya kazi yake sawasawa, kwa kuwa aliyeanguka ni mtoto wa dada yangu.

Tangu siku ile tukaanza maandalizi kwa utaratibu mwingine. Mzee wa Tandika akawa mwalimu wa mitambo, mimi nikawa mwalimu wa kusema.

Utaratibu wa mzee ulikuwa wa ajabu kidogo. Alimkataza kufungua kitabu kwa wiki nzima. Akampa chaki na kumwambia achore, bila kutazama popote, mabomba yote ya meli aliyofanyia kazi mwisho: maji ya bahari ya kupozea yanaingilia wapi, yanapita pampu gani, yanatokea wapi, maji machafu ya chini ya injini, yale ya bilji, yanavutwaje, yanapita kwenye chombo gani cha kutenganisha oili na maji, na kwa nini yanayomwagwa baharini hayaruhusiwi kuzidi sehemu 15 za oili katika sehemu milioni. Kijana akachora ukutani kwa mama yake. Ukuta ule umepakwa chokaa ya bluu, na leo ukiingia sebuleni pale unaona mabomba kutoka mlangoni mpaka dirishani, na mishale yake. Dada yangu alifoka siku mbili. Siku ya tatu nilimkuta anamwonyesha mteja wa vitumbua mahali valvu ya dharura ya kuvuta maji ilipo.

Hapo ndipo lilipojitokeza jambo linaloniuma zaidi. Mpwa wangu alichora vizuri mpaka alipofika kwenye pampu ya dharura ya kuzimia moto, mkono ukasimama. Hakujua inavuta maji kutoka wapi. Nikamwuliza ilikuwaje amekaa ndani ya chombo kile miezi yote ile asijue. Akasema pampu ile ilikuwa nyuma, chini, inafunguliwa siku ya ukaguzi tu. Chombo chenyewe sikitaji, na mwenye chombo simtaji. Na zoezi la kuendesha usukani kwa dharura, ambalo sheria za kimataifa zinataka lifanywe angalau mara moja kila miezi mitatu? Aliliona likiandikwa kitabuni. Kulifanya, hakuwahi kulifanya.

Sasa kijana wa namna hii akiulizwa na mtahini, ataeleza nini? Ataeleza alichosoma, na mtu aliyezoea bahari anasikia mara moja tofauti ya aliyesoma na aliyeshika. Ilibidi mzee amwombee kwa rafiki yake mmoja, fundi wa meli iliyokuwa imetia nanga kwa matengenezo, amruhusu kijana aingie akatambae mpaka kwenye pampu ile, aiwashe kwa mkono wake, aone maji yanatoka kwenye mpira juu ya sitaha. Alirudi jioni ana grisi mpaka kwenye nyusi, anacheka. Usiku huo alijibu maswali ya moto mfululizo. Ukitaka kufungulia hewa ya ukaa kuzima moto wa chumba cha injini, kwanza unafanya nini? Unahesabu watu. Unawahesabu tena. Unazima feni, unafunga milango na matundu yote ya hewa, unakata mafuta kwa zile valvu zinazofungwa ukiwa nje, ndipo unafungulia. Kwa maana hewa ile haichagui kati ya moto na baharia.

Katika mazungumzo ya Tandika mzee alipenda pia kurudi kwenye maji yetu wenyewe. Siku moja mpwa wangu alilalamika kwamba ameulizwa habari za uthabiti wa meli, na kwamba hizo ni kazi za manahodha. Mzee akamuuliza: mafuta ya meli anayahamisha nani kutoka tangi moja kwenda jingine? Maji ya kusawazishia meli anayapampu nani? Tangi lililojaa nusu, meli ikilala upande, maji yote yanakimbilia upande ule ule na kuzidi kuilaza. Fundi aliye chini anaweza kuidhoofisha meli kwa kufungua valvu moja tu.

Akataja Mei 21, 1996. Hakuhitaji kuendelea. Sisi wa rika langu tunakumbuka tulikuwa wapi tuliposikia MV Bukoba imepinduka karibu na Mwanza. Mimi nilikuwa bado kijana, na mamia ya Watanzania wakapotea ziwani. Tunakumbuka pia kwamba meli ilibaki inaelea tumbo juu, watu wakisikika wanagonga ndani, na ilipotobolewa ili waokolewe, hewa iliyokuwa imenaswa ikatoka na meli ikazama. Akataja Septemba 10, 2011, Spice Islander iliyokuwa ikienda Pemba. Akataja Julai 18, 2012, MV Skagit iliyokuwa imetoka hapa hapa Dar es Salaam. Na Septemba 20, 2018, MV Nyerere, hatua chache kutoka Ukara, ambamo walikufa watu zaidi ya 200, lakini fundi mmoja wa injini akakutwa hai siku mbili baadaye ndani ya kivuko kilichopinduka, mahali palipobaki hewa.

"Hewa ile ile," mzee akasema, "Bukoba ilitoka, Nyerere ikabaki. Haya ndiyo mambo ya kumwuliza ofisa, wala usiseme ni ya nahodha."

Msikilizaji, ajali zile zilikuwa na sababu zake nyingi, na kubwa tunalolijua ni kujaza watu na mizigo kupita kiasi. Sitaki kuwatwika mafundi yasiyo yao. Hata hivyo, tangu nimsikie mzee, kila nikivuka Kigamboni najikuta natazama chini, kwenye mabati yale yenye kutetemeka, nikijiuliza aliyeko pale alijibu nini siku yake.

Kuna jingine la Kiswahili na Kiingereza. Dada yangu aliuliza swali ambalo nadhani hata wewe unaliuliza: "Kwani injini inajua Kiingereza?" Tukacheka, lakini nilikuwa upande wake. Kijana anajua kazi, kwa nini aanguke kwa lugha? Mzee alinijibu kwa upole. Vitabu vya injini vimeandikwa kwa Kiingereza. Maandishi ya hatari yaliyobandikwa juu ya valvu ni ya Kiingereza. Siku king'ora kinalia, aliye darajani anaweza kuwa Mfilipino na msaidizi wako Mhindi, na neno moja likipotea kati yenu ni hasara. Mkataba wenyewe wa mabaharia unamdai ofisa mhandisi Kiingereza cha kutosha kutumia vitabu vya kazi na kufanya kazi yake. Hautaki Kiingereza cha bungeni. Unataka cha kutosha.

Basi hapo kazi ikawa yangu. Nilimfanyia tunachowafanyia watangazaji wapya: nilimrekodi, nikamsikilizisha. Mara ya kwanza alitaka kukimbia. Katika jibu la dakika tatu alisema "nadhani" na "labda" mara kumi na moja; tulihesabu pamoja. Nikamwambia, msikilizaji akisikia "labda" kutoka kwa mtangazaji anabadilisha stesheni, na mtahini akisikia "labda" kutoka kwa ofisa anaona meli inawaka. Tukakubaliana aanze kila jibu kwa Kiswahili, kwa mikono, akishika valvu zisizoonekana hewani, mpaka mpangilio ukae. Kisha aseme kwa Kiingereza sentensi fupi fupi, kitendo kimoja kila sentensi. Nafanya hiki. Nafunga kile. Namwarifu fulani. Na asipojua, aseme hajui, na aseme atakwenda kuangalia wapi. Mzee alilisisitiza sana hilo: mtahini husamehe asiyejua akakiri, anayemwogopa ni anayebuni.

Nilipenda kisa kimoja alichotupa mzee siku ile, ingawa hakitaulizwa popote. Meli ya Liemba, ile ya Ziwa Tanganyika, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku, ikaletwa bandari hii hii ya Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kwa reli. Wakati ule ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isichukuliwe na maadui, lakini mafundi wake waliipaka injini grisi nzito kabla ya kuizamisha. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 wakaona inafaa kutengenezwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Mzee huyo, ambaye hasemi sana, alitusimulia hilo huku akiifuta ile pampu ya jirani kwa kitambaa, kila pembe, hata zisizoonekana.

Mafundi kama yeye wako wengi Temeke yetu: Tandika, Keko, Kurasini, Mtoni. Wamestaafu, wanatengeneza pampu na feni za majirani ili wapate ya sukari. Vijana wanaokwenda orali wanapita mbele ya milango yao, wanakwenda kununua nakala za maswali ya zamani zilizopigwa fotokopi mpaka maandishi yamefifia, wanakariri. Wenye meli nao wasijitoe. Mpwa wangu alipoomba ruhusa ya kujiandaa aliambiwa akizidisha mwezi mmoja nchi kavu atakuta nafasi yake ina mtu. Mwezi umepita. Anaishi kwa vitumbua vya mama yake, na kuna binti wa Mbagala ambaye wazazi wake wameanza kuuliza hiyo meli inatia nanga lini. Akianguka tena, atarudi baharini kama mtia oili, kama atapata meli, na zamu atashikiwa na wengine.

Kwa hiyo najua vizuri sana kinachotegemea dakika zile za Jumanne ijayo. Pamoja na hayo, jana dada yangu aliponiuliza kama namfahamu mtu yeyote pale Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC, walioshika usimamizi wa usalama wa meli huku Bara baada ya SUMATRA, nilimwambia simfahamu. Hilo lilikuwa nusu ya ukweli. Katika kazi hii unamfahamu mtu kila mahali, na simu naweza kupiga. Sitapiga. Mwanangu wa kike anasoma Zanzibar, na kila likizo anapanda boti. Mtahini amwulize mpwa wangu kila analotaka, ampindue, amkaushe koo, na akijibu atafungua kile kifuniko, amrudishe nyumbani mara ya pili.

Dada yangu hajanisemesha vizuri tangu jana. Chai aliniletea, ila bila kitumbua.

Jioni hii nikitoka studio napanda daladala la Mbagala nishuke Mtoni. Tumebakiza usukani. Meli ikiwa kwenye kasi yake kamili, usukani lazima uweze kutoka nyuzi 35 upande mmoja hadi nyuzi 30 upande wa pili kwa muda usiozidi sekunde 28, na ndani ya saa 12 kabla ya kung'oa nanga lazima uwe umejaribiwa. Hilo analijua. Ambacho bado hajakiweza ni kulisema bila kunitazama usoni kuona kama amepatia.